Nili Kwenye Maji ya Msikiti

Jumatatu, 10 Machi

Nimepokea mashuka ya hoteli za Shangani, nimeyafunga, gari limeyapeleka Kiembe Samaki kufuliwa. Kanzu zinaongezeka. Ramadhani kila mwanamume anataka kanzu yake iwe nyeupe kuliko ya aliyesimama naye safuni. Kaunta yetu hapa Mji Mkongwe imejaa, sina pa kuweka kiwiko.

Kabla ya adhuhuri Bi Zuwena, mwenye dobi, akaniita juu ofisini. Kila akiniita nadhani ndiyo siku yangu ya mwisho. Haikuwa. Ile hoteli kubwa ya upande wa mashariki, inayotupa kazi kuliko zote, inataka kila anayeifanyia kazi aeleze anavyotunza mazingira. Maji machafu anayapeleka wapi. Ana matangi ya kuchujia au hana. Kama hana, kwa nini. Jibu lifike kabla ya Sikukuu.

Bi Zuwena akasema nimesomeshwa mambo haya chuo kikuu, basi nipige hesabu: gharama upande huu, faida upande huu. Ikionekana matangi hayalipi, niwaeleze kwa adabu kwamba hayalipi.

Nimeelewa. Anataka yasilipe.

Bado nipo kwenye majaribio. Baada ya Idi ataamua kuniajiri moja kwa moja au la. Mama ameshawaambia majirani wote kwamba nimeajiriwa.

Jumatano, 12 Machi

Upande wa gharama umejaa bila taabu. Kuchimba jiwe, saruji, matangi, kokoto na mchanga wa kuchujia, pampu, mtu wa kusafisha, siku za kusimamisha mashine. Fundi aliyenitajia bei alikuwa anapiga miayo kwa saumu, lakini bei zake hazikufunga.

Upande wa faida ni mweupe. Nimeandika "hoteli itaridhika". Nimeandika "maji ya kusuuzia yanaweza kutumika tena". Kisha nikakaa nikiitazama dari.

Chuoni tulifundishwa kwamba ubaya wa mazingira nao una bei, hata kama hakuna anayeilipa sokoni. Nilipata alama nzuri sana katika mtihani ule. Leo sikuweza kuandika hata mstari wa tatu.

Mchana nikaenda uani Kiembe Samaki kuona maji yanapoishia. Makame, msimamizi wa mashine, akanionesha. Nyuma ya ukuta kuna pango kwenye jiwe, mdomo wake kama wa pipa. Mfereji unaingia humo, maji yanazama, hayarudi. Nikamuuliza yanakwenda wapi. Akasema baharini. Nikamuuliza nani aliyeyafuata mpaka baharini. Akacheka, akasema watu wa kisiwa cha Tumbatu kama yeye hawahitaji kufuata maji, maji ndiyo yanawafuata wao.

Nimeandika: baharini. Nimeweka alama ya kuuliza.

Ijumaa, 14 Machi

Nimetaka kulia na sikulia.

Nimekinga maji ya udhu kwenye bomba la sadaka, lile lililotolewa nje ya ukuta wa msikiti kwa ajili ya majirani. Tunachota hapo tangu nikiwa mdogo, kwa sababu maji ya serikali mtaani kwetu, hapa Kiembe Samaki, yanakuja yanapotaka. Nyumbani nikayamimina katika beseni jeupe. Yalikuwa na rangi. Kidogo sana. Kama mbingu ya asubuhi.

Nikayamwaga, nikachota mengine. Vilevile.

Naijua rangi ile. Naiagiza mimi dukani, pakiti kwa pakiti. Ni nili tunayotia kanzu katika maji ya mwisho ili weupe wake ung'ae. Mwezi huu tunaitumia kwa ndoo.

Uani petu na msikiti wetu hapana umbali. Uani uko juu kidogo, msikiti uko chini kidogo. Kisima cha msikiti kimechimbwa kwenye jiwe lile lile lenye matundu.

Maji hayaendi baharini.

Nimetia udhu kwa maji ya dumu la jana. Sijui ya jana nayo yalikuwaje. Jana sikuangalia.

Jumamosi, 15 Machi

Sijamwambia mtu. Kazini nimekosea risiti mara mbili. Bi Zuwena akaniuliza kama saumu imenipanda kichwani.

Nikisema, hoteli itasikia, kazi itaondoka, wanawake wa pasi watarudi makwao na mimi nitakuwa wa kwanza. Nisiposema, mtaa mzima unatia udhu kwa maji ya dobi. Maji yakishabadilika kwa sabuni au rangi hata yasiitwe maji tena, hayafai kwa udhu. Hilo nililijua madrasa kabla sijajua kusoma saa.

Jioni bombani Bi Mosi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa ameinua chupa anaitazama kwenye mwanga. Nikajua ameona. Kumbe ameona kitu kingine. Aliwaambia wenzake kwamba msikiti wetu umeteremshiwa baraka za mwezi mtukufu, na maji yamebadilika rangi kama maji ya kombe. Kombe tunaandikiwa aya kwenye sahani, tunaiosha kwa maji, tunakunywa. Yeye anasema safari hii hakuna mwandishi, yameandikwa kutoka juu.

Wanawake wakajaza madumu. Mama naye akataka kujaza. Nikamwambia yetu nyumbani bado yapo. Ni kweli yapo. Lakini si sababu.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwambia Makame. Peke yake.

Nilidhani atabisha. Akakaa juu ya gunia la sabuni. Kisha akasema, taratibu kama anayeniuliza bei ya ndizi:

"Na tukiacha nili, Rukia? Rangi itaondoka. Nani atajua?"

Nikasema tujaribu.

Imeniudhi jinsi nilivyofurahi.

Jumatano, 19 Machi

Maji meupe. Safi kabisa, mpaka naona ufa wa beseni. Nimekaa chini jikoni nimeegemea ukuta. Mama akauliza ninacheka nini.

Baadaye. Nilikuwa nimeshaandika hayo juu na kufunga kitabu. Nimekifungua tena. Nili tumeacha. Sabuni hatukuacha, wala dawa ya kung'arishia mashuka. Vyote vinaingia pango lile lile kila siku, na vimekuwa vikiingia tangu Bi Zuwena anunue mashine ya kwanza. Tofauti ni kwamba havina rangi. Nili haikuharibu maji. Nili imetuonesha.

Afadhali nisingesoma.

Alhamisi, 20 Machi

Wateja wamekuja juu. Kanzu zimetoka na umanjano. Mzee mmoja wa Malindi ameiweka yake kwenye kaunta akaikunjua mbele ya watu, akauliza kama tumeifulia chai. Kila mtu akacheka. Mimi nikaomba radhi mpaka koo likakauka.

Bi Zuwena ameshuka, ameishika ile kanzu, ameinusa. Amepiga simu uani. Nimemsikia Makame kwa mbali anasema nili imekwisha. Bi Zuwena akasema nili imejaa stoo, ameiona kwa macho yake, na kama yuko mtu anamchezea katika mwezi wa watu kuvaa vyeupe atamjua, na akimjua atakwenda kula Idi kwao.

Hakunitazama. Naona ndiyo maana nimeogopa zaidi.

Nili imerudishwa kuanzia alasiri.

Jumamosi, 22 Machi

Rangi imerudi, imezidi. Foleni bombani mpaka barabarani. Kumi la mwisho la Ramadhani limeingia na watu wanasema ndiyo ishara yenyewe. Wamekuja hata watu wa Mpendae na madumu yao.

Bi Mosi amenieleza kwa furaha kwamba anampa mjukuu wake maji yale. Mtoto ana homa, hali chakula, analia na kushika kichwa. Nikauliza kama amepelekwa hospitali. Akasema, "Hospitali ya nini, mwanangu, na dawa imekuja yenyewe mpaka mlangoni?" Ameyachemsha? Hapana. Baraka hazichemshwi.

Nikamwambia asimpe. Akaniuliza kwa nini. Nikasema maji yenye rangi si mazuri kwa mtoto. Akasema wasomi wa siku hizi hawana imani, akanipiga kofi dogo la mapenzi begani.

Nilikuwa na neno moja la kumwambia. Nimelimeza. Najiona mchafu kuliko kitu chochote tunachokifua.

Jumapili, 23 Machi

Nimempelekea Bi Mosi dumu la maji ya kununua. Amelipokea kwa shukrani, ameliweka pembeni kwa ajili ya kuoshea vyombo.

Mtoto bado ana homa.

Kesho nitasema. Nimeandika ili nisiweze kujifanya sikukusudia.

Jumatatu, 24 Machi

Nimesema.

Nilipanda ngazi za ofisini nikishika ukuta. Bi Zuwena alikuwa anapanga zamu za Sikukuu. Nikasimama. Akasema nikae. Sikukaa, kwa sababu niliona nikikaa sitasema. Nikaanza na pango, nikaenda na kisima, bomba, beseni, Makame, nili tuliyoiacha bila ruhusa yake, madumu, mtoto wa watu. Nadhani nilisema vyote bila kuvuta pumzi. Nikamaliza kwa kusema kwamba Makame hana kosa, mimi ndiye niliyempa wazo. Si kweli. Lakini ana watoto.

Alivua miwani, akaifuta kwa mtandio, akaivaa, akaivua tena.

"Nili niliyoinunua mimi," akasema, "imeingia katika udhu wa watu. Ramadhani."

"Ndiyo, Bi Zuwena."

"Ulijua tangu lini?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa muda mrefu.

"Ungeniambia siku ile ningekufukuza. Bahati yako hasira zote nshazimaliza kwenye zile kanzu."

Nikalia. Sikutaka, lakini nimelia. Akanisukumia kitambaa cha mteja, kisha akakumbuka ni cha mteja, akakichukua, akanipa ncha ya mtandio wake.

Akataka zile hesabu. Akasoma upande wa gharama kwa haraka, anazijua bei. Kwenye faida akasimama. Mistari miwili. Akauliza kisima kiko wapi humu. Nikasema sikujua nikiweke kwa bei gani. Maji ya msikiti hayauzwi.

"Kiweke juu kabisa, bila bei. Nani Kiembe Samaki atampa kanzu yake mwanamke aliyemharibia udhu? Hata bure hatonipa. Ukadhani hiyo ni dini peke yake? Hiyo ni biashara, mwanangu. Mimi nilianza kwa kufua kwa mikono, nguo za mtu mmoja mmoja, kwa sababu waliniamini. Mashine zimekuja baadaye."

Akampigia Makame hapo hapo: mashine zizimwe, mfereji uzibwe. Hakufoka. Makame alimwuliza mara mbili kama amesikia sawa.

Nikaomba ruhusa ya kwenda kwa Bi Mosi. Akanipa gari la dobi na dereva wake. Bi Mosi amekataa, kisha ameshangaa, kisha amelia, kisha ameingia garini na mtoto. Daktari amekuta sikio limevimba ndani. Amempa dawa. Amesema maji hayakuleta homa, lakini asinywe tena.

Haikuwa maji. Nimeuliza mara tatu kwa maneno tofauti, daktari akaniuliza kama mimi ni mwandishi wa habari.

Jumanne, 25 Machi

Bi Zuwena amekwenda kwa Maalim Shaabani, imamu wetu, na amenichukua. Nilidhani nitazimia barazani. Yeye alikuwa amevaa vizuri kama anakwenda posa.

Hakuzungusha maneno. Maalim alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Swali la kwanza lilinishangaza:

"Kanzu yangu nayo imo humo?"

Bi Zuwena akasema imo, kanzu mbili.

"Basi sote tumo," akasema Maalim.

Kisha nikauliza mimi, kwa sauti ndogo, lile lililokuwa linanikaba tangu ile Ijumaa. Sala za watu. Watalipa? Mtaa mzima, siku zote hizo?

Alinitazama kwa mara ya kwanza. Akasema rangi ilikuwa kidogo, mtu akiyaona alisema ni maji, wala hakuna aliyeyaita jina jingine. Mabadiliko madogo ya namna hiyo hayayatoi maji katika hukumu ya maji. Na aliyesali bila kujua, kasali. Hakuna atakayerudia kitu. Lakini kuanzia leo tunajua, na kujua kuna hukumu yake. Kisima kifungwe, kipumzike, kipimwe.

Nilikuwa nimeshika ukingo wa mkeka. Nikauachia.

Bi Zuwena akasema ataleta maji ya gari kila siku mpaka kisima kifunguliwe. Akasema pia Maalim awatangazie watu kwa jina lake, asifichwe. Maalim akajibu kwamba hana haja ya kutaja jina. Atasema dobi. Dobi mtaani ni mmoja.

Alasiri ametangaza. Sikuwepo, Mama amenisimulia. Wengine walinung'unika. Mzee mmoja alitaka kuja kuuvunja mlango wa uani, wenzake wakamkumbusha kwamba kanzu yake ya Idi iko ndani.

Jumatano, 26 Machi

Bi Mosi amenisubiri njiani.

"Kumbe baraka zenyewe mnazinunua dukani kwa pakiti."

Akaangua kicheko, akashika ukuta. Mtoto amekula uji wakati wenziwe wanasubiri futari.

Kazini si kicheko. Mashine mbili tu zinakwenda. Maji yanakusanywa kwenye mapipa na gari la kunyonya linayachukua. Nimeona bei yake nikahisi baridi. Mashuka ya Shangani yamechelewa, hoteli moja imechukua mzigo wake. Nimeiandika hiyo upande wa gharama. Ni gharama ya kweli, sitaificha kwa kuwa sasa niko upande wa matangi.

Watu wa serikali wa mazingira wamekuja. Bi Zuwena aliwaita mwenyewe, kabla hawajaitwa na mwingine. Wametuonya, wamechukua maji kwenye chupa, wamesema pango lisitumike tena kabisa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Makame. Makame alikuwa amesimama nyuma ya mashine.

Alhamisi, 27 Machi

Nimemaliza majibu ya hoteli. Nimeeleza yaliyotokea. Nimeeleza kwamba matangi ni ghali kwetu na faida yake ya fedha ni ndogo na itachelewa. Maji ya kusuuzia yatarudi kazini, bili ya pampu itashuka kidogo. Halafu nikaandika kwamba tusipojenga hatutakuwa na wateja, wala hatutastahiki kuwa nao. Bi Zuwena alisoma, akafuta neno "kidogo", akalirudisha. Akatia saini.

Nimetuma. Nimetapika kidogo baada ya futari. Hofu tu, au ni zile kachori.

Jumamosi, 29 Machi

Hoteli imejibu. Hawaondoi kazi. Wanataka kuona mashimo yameanza kuchimbwa mwezi ujao, na watatuma mtu wao kutazama. Wamesema wengine wote waliojibu wameeleza kwamba maji yao yanakwenda baharini na hayana madhara.

Bi Zuwena alinitaka niisome barua yao kwa sauti, kisha niisome tena.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Kanzu zote zilitoka kwa wakati. Nili tuliitia kidogo, maji yake yakaenda na gari.

Mama amepika pilau ya kulisha mtaa. Nimekula. Nimelala mchana kama jiwe.

Jumatatu, 7 Aprili

Mafundi wanachimba. Jiwe gumu, linatoa vumbi jeupe, Makame anasema mwisho wa mwezi tutafua vumbi hilo hilo. Mdomo wa pango umewekewa zege. Mvua za masika zimenyesha usiku na maji yamesimama juu ya zege, hayana pa kwenda, yanasubiri jua.

Kisima bado kimefungwa. Maji ya pili yaliyopimwa ni mazuri kuliko ya kwanza. Watapima tena.

Bi Zuwena hakunipa barua yoyote. Aliniambia tu, akiwa anatafuta funguo zake, kwamba nijaze jina langu katika zamu za mwaka mzima, na nisimfanye ayarudie maneno hayo. Nikajaza.

Mashuka ya ile hoteli ya mashariki yameingia mchana. Nikayapokea, nikaweka chai, ikapoa, nikainywa ikiwa imepoa.

Leo nimesahau kuogopa mpaka karibu na alasiri. Kisha nikakumbuka, nikatafuta sababu. Sikuiona.